Kazi za Wanafunzi Zisipotee

Ng'ambo ya Mlima Elgon kutoka Mbale, katika mji wa Eldoret, Kenya, mwezi wa Februari 2006 ilianza kutumika programu huria ya kutunza habari za wagonjwa iitwayo OpenMRS, ambayo msimbo wake yeyote ana idhini ya kuusoma, kuutengeneza na kuutumia bila malipo; na juu ya msingi huo huo Uganda imejijengea UgandaEMR, inayohudumia vituo vingi vya afya nchini mwetu. Basi kijana asomaye kompyuta Mbale hana haja ya kwenda mbali kutafuta kazi yenye manufaa, kwa kuwa rekebisho alifanyalo usiku chumbani mwake laweza siku moja kumfaa mganga aliyekabiliana na mgonjwa.

Huzuni yangu ni kwamba kazi nyingi za namna hii hupotea. OpenMRS imepokea wanafunzi tangu 2007 kwa mpango wa Google Summer of Code. Na katika mipango kama huo mwanafunzi hufanya kazi miezi michache chini ya mlezi, kisha muhula hufunguliwa, mitihani humwita, na msimbo alioupeleka hubaki ukingoja kukaguliwa. Programu yenyewe haimngojei; hubadilishwa hapa na pale kila juma, hata ikawa baada ya mwaka kazi ile haipatani nayo tena, ikafutwa katika orodha pasipo kusomwa. Wengine hata huko hawafiki: ripoti yao ya mwaka wa mwisho hujalidiwa na kuwekwa maktabani, na msimbo hukaa katika kompyuta moja tu, ambayo ikiibwa, umekwenda.

Lawama siwatupii vijana. Hakuna aliyekalifishwa kuipokea kazi yao, na hilo ndilo tatizo. Njia ya kuipokea ipo: Git, chombo cha kutunza mabadiliko ya msimbo alichokibuni Linus Torvalds mwaka 2005, huandika katika kila badiliko majina mawili, la mtunzi na la aliyelitia. Hivyo msimamizi wa mradi aweza kuitwaa kazi iliyoachwa, akaitimiza, na jina la mwanafunzi likadumu mahali pake bila kudhulumiwa. Na kwa msimbo ulio wazi lakini haujapata mlezi, iko Software Heritage, hazina iliyoanzishwa Ufaransa na taasisi ya Inria mwaka 2016, ambayo mtu yeyote aweza kuiomba iuhifadhi.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Mbale, na wenzao wa Jinja, kabla ya kutia saini ripoti ya mwanafunzi wamwulize msimbo uko wapi, amemkabidhi nani, na nani atakayewajibu wasimamizi wa mradi baada ya mahafali. Na yule wa mwaka wa pili, atafutaye jambo la kufanya, apewe kazi ya aliyemtangulia aiendeleze kwa jina la wote wawili.