Fedha za Manispaa na Karamu za Wageni
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na ndugu yetu akaaye Majengo, Songea)



Nimetakiwa na Katibu nizungumze juu ya jambo ambalo limekuwa wimbo katika mabaraza ya miji, Bara na Visiwani: kuutangaza mji ili wageni waje, na kuuchangamsha usiku ili wakifika wasilale mapema. Makazi yangu ni Majengo, mjini Songea, na nitaanzia huko, kwani mji ule unaonyesha waziwazi mambo ambayo hapa Unguja hufunikwa na wingi wa watalii.

Songea iko mbali. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Alalaye katika nyumba zetu za wageni aghlabu ni mfanyabiashara wa mahindi, dereva wa lori, au mtumishi wa Serikali aliye safarini. Basi diwani akiambiwa kwamba taa za rangi, muziki na mabango ni kwa ajili ya wageni, swali lake la kwanza na liwe: wageni gani? Dereva wa lori hana haja ya bango. Anataka choo safi, maji, na mwanga pale anaposhuka, na mama anayemuuzia chakula usiku anataka vivyo hivyo. Dar es Salaam ilipozindua biashara ya saa 24 Kariakoo, Februari 2025, angalau wafanyabiashara walikuwako tayari, na mlipaji ushuru alijulikana.

Hata hivyo Songea ina jambo moja ambalo dunia inalijua. Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga pale mashujaa wa Kingoni waliopigana Vita vya Majimaji, na kila mwaka mwezi huo hufanywa kumbukumbu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Bwana Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Majimaji, akakutana na jamaa wa Nduna Songea Mbano, akaomba radhi kwa yaliyotendwa na watu wa nchi yake. Siku ile jina la Songea liliandikwa katika magazeti ya Ulaya. Hakuna halmashauri iwezayo kununua tangazo la namna hiyo.

Sasa tazameni hesabu. Makumbusho yale yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Kiingilio cha mgeni si pato la manispaa. Manispaa hupata kwa njia ya mzunguko: leseni, ushuru wa huduma, ushuru wa soko. Kwa hiyo kila shilingi itokayo kwa mahema, vipaza sauti na chakula cha waalikwa yapasa iulizwe: utarudi kwa mlango gani? Huenda ikawa jibu lipo, na ni jibu jema. Lakini na litolewe kwa tarakimu.

Sisemi kumbukumbu ifutwe, hasha. Wafu wale wana haki yao juu yetu, na haki hiyo si biashara. Nisemalo ni kwamba maombolezo yawe na daftari lake na tamasha liwe na daftari lake. Yakichanganywa, diwani aulizaye bei ya hema huambiwa amewatukana mashujaa, naye hunyamaza.

Wako watakaotuambia kwamba sherehe haipimwi kwa mizani ya fedha. Serikali yenyewe imeipima. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Mwaka 2022 Rais Samia alizifuta tena, na shilingi milioni 960 zikapelekwa kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Liwezekanalo Ikulu linashindikanaje katika halmashauri?

Na kipo kipimo kilicho karibu zaidi. Sheria ya Bara inaitaka kila halmashauri itoe asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa sababu ya ubovu wa usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha akina mama wakaanga samaki kililazimika kungoja zaidi ya mwaka mzima. Ikiwa fungu la mkopo laweza kusimamishwa hadi hesabu zinyooke, fungu la matangazo lina kinga gani?

Turudi nyumbani. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni 736,755. Picha waliyoonyeshwa kwa miaka mingi ni ya Mji Mkongwe. Na Beit al-Ajaib, lililo mbele kabisa katika picha hiyo, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafa. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya mwaka 2009 kwa fedha za Aga Khan, na ndiyo burudani ya usiku iliyo bora tuliyo nayo: pweza, juisi ya miwa, watoto na wazee. Kuitunza ni kazi ya fagio, mfereji na taa. Fagio halipigwi picha, ndiyo maana bajeti yake hupunguzwa kwanza. (Juu ya leseni za vileo sitasema, masheikh wako hapa. Mimi nasema juu ya hesabu tu.)

Kwa hiyo, ndugu zangu, diwani wetu, hata akiwa pekee yake barazani, asitafute neno "utalii" katika makadirio. Atafute posho, mafuta ya gari, ukumbi, uchapishaji, safari za maonyesho, na "mengineyo". Humo ndimo karamu inamokaa. Kisha afungue taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ya mwaka uliopita, alinganishe, na aulize khasa: walifika wangapi, walilala siku ngapi, ushuru uliongezeka kiasi gani?

Maswali nimeyaandika kwa ukamilifu. Katibu anazo nakala, na kila tawi lichukue yake kabla ya kikao cha makadirio.