Daftari la Maneno

Leo tuzungumze juu ya daftari la kujifunzia Kiingereza.

Nilipofika Uganda kutoka Kongo, Kiingereza sikukijua. Shuleni nilisoma kwa Kifaransa. Nikanunua daftari nikaanza kuandika, neno kwa neno. "Book", kitabu. "Fast", haraka. Nilipojaza kurasa kumi nikajiona nimefika.

Siku moja nilimpeleka mama kliniki. Muuguzi akaniambia, "She must fast before the test." Mimi nikaelewa kwamba mama afanye haraka. Kesho yake nikamwamsha alfajiri, nikampa uji apate nguvu, tukatembea mbiombio. Tukafika wa kwanza. Wakauliza kama mama amekula. Nikasema ndiyo, tena kwa furaha! Basi kipimo cha damu hakikufanyika. Kumbe "fast" pia ni kufunga, yaani kukaa bila kula. Mama alirudi kwa miguu, kimya njia nzima.

Tangu siku hiyo ninaandika namna nyingine.

Kwanza, usiandike neno peke yake. Andika sentensi nzima uliyoisikia, na chini yake uache mistari miwili. Neno likirudi na maana nyingine, utaiandika hapo.

Pili, andika neno pamoja na mwenzake. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza. Jirani akikuambia "look after the child", mtoto hajapotea. Kaa naye tu.

Tatu, andika jinsi neno linavyotamkwa. Kiswahili tunakisoma kama kilivyoandikwa, Kiingereza sivyo. "Enough", maana yake inatosha, husikika "inaf".

Nne, tuliosoma Kifaransa tujihadhari na maneno yanayofanana. "Librairie" ni duka la vitabu, lakini "library" ni maktaba. Huko unaazima, hununui.

Tano, maneno matano kwa siku yanatosha. Jioni funika maana kwa kiganja, ujaribu kukumbuka. Rudia kesho, rudia tena baada ya wiki. Daftari lisilofunguliwa ni karatasi tu.

Huna daftari? Kusanya karatasi zilizoandikwa upande mmoja, uzishone kwa uzi. Hujui kuandika? Mwombe mtoto wako akuandikie, naye atajifunza.

Na ukurasa wa kwanza kabisa andika hivi: "Please explain again." Maana yake, tafadhali nieleze tena. Kusema hivyo si aibu. Ningeisema siku ile, mama asingetembea bure.

Siku hizi mama naye ana daftari lake, mimi ndiye mwandishi wake. Neno la kwanza aliloniambia niandike ni "fast". Akasimama nyuma yangu mpaka nikaandika maana zote mbili.