Mtoto Apendaye Farasi Katika Nchi Isiyo na Farasi

Wasikilizaji wa Makuyuni, Korogwe na Handeni, hapa mkoani Tanga, mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mtoto ambaye bila shaka baadhi yenu mnaye nyumbani, au mmepata kumfundisha darasani, au pengine ndiye huyu anayenisikiliza sasa hivi hali amekaa kitako karibu na redio: mtoto ambaye hajapata hata mara moja kumgusa farasi kwa mkono wake, walakini moyo wake wote umemwelekea farasi. Alimwona katika picha ya kitabu, au katika simu ya mjomba wake, na tangu siku hiyo hana mchezo mwingine. Akipata udongo wa mfinyanzi kandokando ya maji humfinyanga farasi, akambandika ndevu za muhindi ziwe nywele za shingoni, akamwanika juani hata akakauka. Akipata kipande cha mkaa humchora ukutani. Na akitumwa dukani kununua chumvi hawezi kwenda kama watu wengine waendavyo, sharti aende shoti, akijipiga paja na kualika ulimi.

Wazee aghalabu huyaona mambo haya kuwa ni upuzi, wakamkemea mtoto aache kupoteza wakati kwa mnyama asiyekuwapo. Mimi naona, na ndiyo sababu ya kuomba saa hii ya kuzungumza nanyi, kwamba shauku ya namna hii ni mlango wa elimu uliojifungua wenyewe, na mzazi au mwalimu aliyebahatika kuukuta u wazi hana haki ya kuufunga. Maana mtoto huyo, kabla hajafika mbali, hana budi kuuliza: mbona hapa kwetu farasi hawapo? Na jawabu la swali hilo limebeba ndani yake maarifa mengi zaidi, ya wadudu, ya maradhi, na ya tarikh ya nchi yetu hii, kuliko masomo mengi yanayokaririwa kwa taabu.

Sababu iliyo kubwa ni inzi. Aitwa mbung'o, na watu wengine humwita ndorobo. Ni mkubwa kidogo kuliko inzi wa nyumbani, na akitua huzilaza mbawa zake mgongoni moja juu ya nyingine, mfano wa makali ya mkasi uliofungwa. Hunyonya damu, dume na jike sawasawa, na katika kunyonya kwake humtia mnyama vijidudu viitwavyo tripanosoma, navyo huleta maradhi ya nagana: mnyama hushikwa na homa ipandayo na kushuka, hukonda ijapokuwa majani anakula, damu humpungua, tumbo na miguu humvimba, na farasi aliyepatwa asipotibiwa ni nadra kupona. Mwaka 1895 tabibu wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alipokuwa akichunguza maradhi hayo katika nchi ya Wazulu, aliviona vijidudu hivyo katika damu ya ng'ombe wagonjwa, kisha akabainisha kwamba mchukuzi wake ni mbung'o. Jambo ambalo wachungaji walilijua kwa uzoefu, kwamba kupita katika pori fulani ni kulipoteza kundi, sasa likapata hoja yake mbele ya darubini.

Wazigua wa upande wa Handeni, kabla ya darubini hiyo, walikuwa na hekima yao. Kijiji kilichofyeka vichaka na kuvilima kila mwaka kiliweza kufuga ng'ombe, kwa kuwa mbung'o hupenda kivuli cha pori, na wanyama wa mwitu ambao humlisha damu hawakusogea karibu; lakini njaa na vita vilipowatawanya watu, mashamba yakarudi kuwa vichaka, na inzi naye akarudi. Nayo misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani kuelekea bara ilikwenda na mizigo vichwani na mabegani mwa wapagazi, maana mnyama wa mizigo hakuwa na hakika ya kufika. Hata Wajerumani walipoanza mwaka 1893 kujenga reli kutoka Tanga, wakaifikisha Mombo mwaka 1905, mzigo ule uliokuwa juu ya kichwa cha mtu ulihamia juu ya chuma moja kwa moja, bila ya kupitia mgongo wa farasi.

Tena yako maradhi ya pili, hasa ya jamii ya farasi, yaletwayo na usubi uumao jioni na usiku, ambayo humuua farasi kwa siku chache, mapafu yakijaa maji na povu likimtoka puani. Ndiyo maana wenye farasi huwaingiza bandani kabla ya magharibi, na kuwachanja kila mwaka. Punda hudhurika kidogo tu kwa maradhi hayo, na pundamilia aghalabu haonyeshi dalili yoyote, jambo lililowashawishi Wajerumani kujaribu, chini ya Mlima Kilimanjaro, kuwafuga pundamilia ili washike kazi ya farasi, wasifaulu.

Asidhani mtoto, hata hivyo, kwamba inzi ndiye aliyeshinda daima. Hapa hapa mkoani kwetu, mjini Tanga, iko taasisi ya utafiti wa mbung'o, na ndani yake wataalamu waliwafuga inzi hao makusudi, kizazi baada ya kizazi, wakawapiga madume mionzi ya gama hata wakawa tasa, kisha wakawapeleka Unguja na kuwamwaga kutoka katika ndege, kazi iliyoendelea tangu mwaka 1994 hata mwaka 1997. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake; akikutana na dume tasa, basi uzazi wake umekoma. Kwa hila hiyo, iliyotumia madume zaidi ya milioni 8, baada ya kwanza kuwapunguza kwa dawa, kizazi cha mbung'o kisiwani kilikatika, na wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Napenda kila mtoto wa Korogwe na Handeni aijue habari hii, kwani ni fahari iliyo jirani yake.

Basi na tuvuke nasi twende Unguja, ila turudi nyuma miaka mia na zaidi, kwa kuwa huko aliishi mtoto ambaye alipewa yale ambayo mtoto wetu anayaota. Sayyida Salme, binti wa mfalme Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji, na alipokuwa mtu mzima akiishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete alitoa mwaka 1886 kitabu cha maisha yake. Humo anasimulia ua mkubwa wa Mtoni ulivyojaa tausi, paa, bata, mbuni na ndege warefu wa rangi ya waridi, wakitembea pamoja bila ya kufungiwa, na watoto wakishindana kuyatafuta mayai, hususa ya mbuni, ili wampelekee mpishi mkuu awape tamutamu. Watoto wa humo walipotimiza miaka mitano walianza kufundishwa kupanda mnyama, asubuhi na jioni; na walipokuwa mahodari, wavulana walipewa farasi, na wasichana walipewa punda weupe wa Maskati, warefu, waliopambwa matandiko ya thamani. Salme alipenda mno mashindano ya mbio, hata ikawa siku moja, akikazana ndugu yake asimpite, alikaribia kujigonga kipaji cha uso katika shina la mnazi ulioinama njiani, na kilichomwokoa ni kujitupa nyuma ghafla juu ya tandiko.

Binti huyu, aliyeshughulika na punda na kulenga shabaha, ndiye yule yule aliyejifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, wakati ambapo wasichana walifundishwa kusoma tu. Sioni kuwa ni sadfa. Mtoto aliyezoeshwa kumtawala mnyama mwenye nguvu kumshinda, kwa subira na kwa kumfahamu, hupata ghera ya kuyaendea mambo mengine ambayo watu wamemwambia hayamfai.

Lakini lililonigusa zaidi katika kisa hiki ni kwamba katika nyumba ya mfalme mwenye banda lililojaa farasi, binti alipewa punda, na punda huyo akamfurahisha utotoni mwake. Nasi Makuyuni punda tunao! Anapita mbele ya mlango, amebeba madumu ya maji au gunia la mahindi, kichwa ameinamisha, na mtoto wetu aotaye farasi hamtazami mara mbili, kwa sababu tumemzoesha kusikia jina la punda katika matusi peke yake. Hii ni dhuluma. Punda ni mwana wa Afrika hii. Wataalamu wa nasaba za wanyama wamebainisha kwamba alianza kufugwa upande wetu huu wa bara takriban miaka 7,000 iliyopita, kabla farasi hajapata kuvikwa hatamu. Ni wa ukoo mmoja na farasi, na yote ambayo mtoto angejifunza kwa farasi, aghalabu atayapata kwa punda.

Atayapataje? Kwanza kwa macho. Punda hana maneno, lakini ana masikio. Yakielekea mbele, kuna kitu amekiona au amekisikia. Likigeuka moja nyuma, anamsikiliza anayemfuata. Yakilala nyuma yote mawili yakabana shingo, sogea kando, mwanangu, maana anataka kuuma au kupiga teke. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, ila nyuma yake kabisa hapaoni. Mtoto akimwendea kwa nyuma kimya kimya amejitafutia balaa, bali amwendee ubavuni, karibu na bega, huku akisema naye kwa sauti ya chini, kisha aweke kiganja juu ya shingo.

Kiganja hicho ndicho mwalimu wa pili. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, mtoto na akipitishe polepole tangu shingoni, juu ya mabega, kwenye uti wa mgongo, hata kiunoni. Pale ambapo sogi hukaa ataona manyoya yamelala vibaya, au yamechakaa. Akibonyeza kidogo ngozi hutetemeka, na labda pana joto kuliko pengine. Hapo bado hapajawa kidonda, ila kesho kutwa patakuwa, kama mzigo ukirudishwa juu bila ya nguo laini na nene chini yake. Mkubwa mwenye haraka ya kuwahi gulio hapaoni, kwa kuwa punda ana hulka ya kuficha maumivu yake. Hapaoni mpaka inzi watue. Mtoto wa miaka 10 anapaona, na akisema, "Baba, shikamoo, punda ana joto mgongoni," naomba baba huyo asimwambie anyamaze.

Mzigo nao una kiasi chake. Punda wetu huyu mdogo hubeba kilo 50 bila ya kudhulumiwa, na madumu matatu ya maji ya lita 20 yamekwisha kupita kiasi hicho. Tena asibebeshwe kabla hajatimiza miaka 3, kwani mifupa yake ingali michanga. Maji apewe safi, maana ni mnyama mwenye kinyaa, na huweza kuyakataa yenye harufu ijapokuwa ana kiu. Kwato zikirefuka zipunguzwe na mtu ajuaye, ama sivyo miguu hupinda na mwendo huharibika.

Kumtunza punda kuna uzito sasa kuliko zamani. Katika miaka hii punda wa Afrika wamechinjwa kwa wingi, wengi wao kwa kuibwa, ili ngozi zao zichemshwe nchini China kutengeneza dawa. Na wa kwanza kuumia punda anapoibwa ni mama na binti, kwa kuwa dumu la maji hurudi kichwani mwao. Desemba 2022 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kushauriana juu ya jambo hilo, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, mjini Addis Ababa, walikubaliana kuuzuia uchinjaji huo kwa muda wa miaka 15. Wako pia wanaomthamini punda: huko Lamu, ambako punda hushindanishwa mbio katika sikukuu ya Maulidi na vijana washindi hushangiliwa mji mzima, ipo tangu mwaka 1987 hospitali inayowatibu punda bure.

Wiki ijayo, inshallah, tutazungumza juu ya kwato na namna ya kuzisafisha. Ninyi watoto, wakati huo mnaosubiri, ombeni ruhusa kwa mwenye punda, naye awepo awashikie kichwa, mkatazame meno ya mbele. Jozi ya katikati hung'oka na kuota ya kikubwa apatapo miaka miwili na nusu. Jozi inayofuata, miaka mitatu na nusu. Ya pembeni, minne na nusu. Mchoreni kinywa hicho katika daftari, kama mnavyowachora farasi wenu, andikeni tarehe na umri mnaoukisia, kisha mpelekeeni afisa mifugo wa kata awasahihishie.