Daftari la Shukrani



Mara nyingi tukisimama kutoa ushuhuda twasema, "Namshukuru Mungu kwa uzima," kisha twaketi. Ni kweli, lakini tukiyasema hayo kila siku bila kufikiri, macho yetu husinzia. Ndipo mtunzi wa kwaya hukosa wimbo mpya, na mwalimu wa shule ya Jumapili hurudia hadithi za mwaka jana.

Johann Sebastian Bach alianza kuongoza muziki wa kanisa mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1723. Mwishoni mwa nyimbo zake nyingi aliandika herufi tatu, S.D.G., maana yake, utukufu kwa Mungu peke yake. Wala hakuwa mgeni wa machozi: katika watoto wake 20, ni 10 tu waliofikia utu uzima. Hata hivyo kalamu yake haikukauka.

Nasi tutafute daftari dogo. Kila jioni tuandike jambo moja la siku hiyo, na tulieleze lilivyokuwa: si "mvua," bali mahindi yaliyoinua majani baada ya mvua ya alasiri, si "jirani," bali jirani aliyetuletea unga kabla hatujaomba. Siku ya msiba tuandike, hata kama ni neno moja. Atafutaye neema ya leo hujifunza kutazama, naye atazamaye vizuri hakosi la kuimba wala la kufundisha. Zaburi ya 103 yatuonya tusisahau.

Tuombe. Ee Bwana, utufumbue macho, tuone ulilotutendea leo. Amina.