Mazungumzo kwa Watumishi na Wananchi: Tawi Lipi la Jeshi la Marekani kwa Kijana Anayetaka Kazi ya Upelelezi wa Shirikisho



Mazungumzo haya yanawahusu hasa wazee wenye watoto waliokwisha kuwa wakaazi wa kudumu nchini Marekani, ama kwa kufuata jamaa, ama kwa bahati nasibu ya viza iliyoanza mwaka 1995. Miongoni mwa vijana hao wapo wanaotamani kazi katika vyombo vya shirikisho vya kusimamia sheria, kama vile FBI, Secret Service, au idara ya kupambana na dawa za kulevya, nao huambiwa kuwa njia ya mkato ni kuingia jeshini kwanza. Mzee anapopigiwa simu usiku na kuulizwa, "Baba, niingie jeshi lipi?", inafaa awe na la kumjibu zaidi ya dua.

Kwanza ifahamike kwamba hakuna sheria inayomtaka mpelelezi wa FBI awe amewahi kuwa askari. Idara hiyo huchukua wahasibu, wanasheria, mafundi wa kompyuta na walimu. Jeshi ni njia mojawapo tu, na faida zake ni za kuhesabika. Sheria ya mwaka 1944 inawapa upendeleo katika ajira za shirikisho wanajeshi wa zamani waliotimiza masharti yake, kwa utaratibu wa kuongezewa alama 5, au 10 kwa walioumia kazini. Sheria ya mwaka 2008 inamlipia masomo ya hadi miezi 36 aliyetumikia muda wa kutosha. Tena askari aliyewahi kuchunguzwa na kupewa kibali cha kuona siri za Serikali huwa amekwisha kuzoea uchunguzi wa aina ile ile utakaomkabili huko mbele.

Ama kuhusu matawi yenyewe, yapo sita: Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Majini, Marine Corps, Jeshi la Anga, Jeshi la Anga za Juu lililoundwa mwaka 2019, na Walinzi wa Pwani. Wengi humtaja huyu wa mwisho kwa kumalizia tu, na hapo ndipo wanapokosea. Tangu mwaka 1878 Marekani ina sheria iitwayo Posse Comitatus, inayozuia wanajeshi wasitumiwe kuwakamata na kuwapekua raia isipokuwa pale sheria inaporuhusu waziwazi. Ilianza kwa Jeshi la Nchi Kavu, na baadaye matawi mengine ya Wizara ya Ulinzi yakatiwa humo. Walinzi wa Pwani hawamo. Wao wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani tangu mwaka 2003, na maafisa wao wana mamlaka ya kisheria ya kupanda chombo baharini, kukagua hati, kupekua shehena na kukamata watu.

Mkaazi wa Visiwani hahitaji maelezo marefu hapa, kwani anaijua KMKM. Asili ya Walinzi wa Pwani ni kikosi cha boti kilichoanzishwa mwaka 1790 kulinda ushuru wa forodha dhidi ya magendo, na hadi leo kazi yao kubwa mojawapo ni kuzuia dawa za kulevya na uhamiaji haramu kwa njia ya bahari. Kijana aliyetumikia huko miaka minne aweza kuwa amekwisha kuandika taarifa za ukamataji, kutunza vielelezo na kutoa ushahidi. Mwenzake aliyekaa miaka minne katika kikosi cha mizinga hana hayo, hata akiwa shujaa. Ila nafasi ni chache: Walinzi wa Pwani walio kazini wakati wote ni kiasi cha 40,000, wakati Jeshi la Nchi Kavu linakaribia nusu milioni.

Matawi mengine nayo yana askari polisi wa ndani. Kazi yao ya kila siku aghalabu ni kulinda malango ya kambi, kushughulikia ajali za magari na ugomvi wa nyumbani. Hiyo ni kazi ya heshima, lakini haifanani na upelelezi wa mashauri makubwa. Wapelelezi wa Jeshi la Majini, wanaojulikana kwa herufi NCIS, walio wengi ni raia walioajiriwa moja kwa moja, na kuwa baharia si sharti la kujiunga nao. Idara ya Jeshi la Anga, OSI, iliundwa mwaka 1948 kwa kufuata mfano wa FBI, na mkuu wake wa kwanza alitoka huko huko FBI. Yenyewe ina wapelelezi askari na wapelelezi raia. Ipo pia dhana kwamba Marine ndio mlango wa FBI, kwa kuwa chuo cha idara hiyo kimo ndani ya kambi ya Marine, Quantico, Virginia. Huo ni ujirani wa majengo tu, na haumpi mtu nafasi.

Kwa hiyo swali la tawi lisije kabla ya swali la kazi. Kazi gani imeandikwa katika mkataba? Afisa wa kuandikisha askari anayo kazi ya kujaza nafasi zilizopo, na maneno yake ya mdomo hayamfungi yeyote. Kinachofunga ni karatasi, nayo kwa kawaida humfunga kijana kwa jumla ya miaka 8, akihesabiwa muda wa kazi na muda wa akiba. Kijana mwenye alama nzuri za mtihani wa kuingilia ana haki ya kungoja kazi anayoitaka, na asione haya kuondoka bila ya kutia saini. Lugha nayo isidharauliwe. Baada ya miripuko ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998, FBI ilileta mamia ya watumishi Afrika Mashariki, na shahidi wa Kiswahili hahojiwi sawasawa ila na anayekijua Kiswahili.

Umri ndio unaowaangusha wengi. Mpelelezi wa FBI hana budi kuwa na shahada ya chuo kikuu, uzoefu wa kazi, na kuajiriwa kabla ya kutimiza miaka 37. Aliyeingia jeshini na miaka 26, akatumikia 6, kisha ndipo akaanza masomo ya miaka 4, atafika mlangoni akiwa na 36. Wanajeshi wa zamani wenye upendeleo huweza kuomba wasamehewe sharti la umri, lakini msamaha si jambo la kujengea nyumba. Bora asome akiwa bado kazini. Vile vile kijana mwanamme mwenye umri wa miaka 18 hadi 25 awe ameandikishwa katika daftari la Selective Service. Aliyeliepuka hufungiwa ajira za shirikisho.

La mwisho ni uraia, na hili ndilo zito. Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa kuwa askari wa Marekani ilhali bado ni Mtanzania, ingawa hawezi kupewa kamisheni, wala kazi zinazotaka kibali cha siri. FBI haimchukui asiye raia. Amri ya Rais wa Marekani ya Julai 2002 iliwafungulia askari mlango wa kuomba uraia bila ya kungoja miaka mitano ya ukaazi, hivyo fomu huweza kumfikia kijana mapema sana, naye yuko mbali na wazee wake. Kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyengine kwa hiari yake huacha kuwa Mtanzania. Paspoti hurudishwa, na kura hana tena. Hayo yazungumzwe na familia kabla ya saini ya kwanza ya jeshi, kwani kazi anayoikusudia haipatikani bila ya hatua hiyo.

Wazee walioko hapa wanaweza kusaidia kwa jambo moja jepesi. Wachunguzi hufuatilia maisha ya mwombaji, pamoja na jamaa zake wa nje. Basi cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli na paspoti ya zamani vitafutwe sasa, na iangaliwe kwamba majina matatu yameandikwa kwa herufi zile zile katika kila karatasi. Palipo na tofauti, marekebisho yaombwe katika ofisi ya usajili wa vizazi mapema, wakati wenye kulijua jina la babu bado wapo.