Mwacheni Mwendesha Baiskeli Ayumbe

Juma hili tuzungumzie baiskeli. Ukiiachia ikiwa imesimama, huanguka papo hapo. Ukiipanda ukaenda, husimama wima juu ya magurudumu mawili membamba. Kwa nini?

Wengi wetu tulijibiwa kwamba ni mzunguko wa magurudumu, kama pia ya watoto, isiyoanguka maadamu inazunguka. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones aliipima hoja hiyo. Alifunga ubavuni mwa gurudumu la mbele gurudumu jingine linalozunguka kinyume, ili kuifuta nguvu ya mzunguko. Akaipanda baiskeli, ikaenda bila taabu! Mwaka 2011 wataalamu wa Uholanzi na Marekani walieleza baiskeli ndogo waliyoiunda, ambayo nguvu hiyo imefutwa kabisa. Ikisukumwa, ilikwenda wima bila mtu juu yake.

Siri kubwa, basi, imo katika usukani. Baiskeli ikianza kuinamia kushoto, usukani nao hugeukia kushoto, ama wenyewe ama kwa mkono wa mpandaji, na magurudumu hurudi chini ya uzito unaoanguka. Ni sawa na mtoto anayesimamisha fimbo kiganjani: mkono huifuata fimbo kule inakoangukia. Kwa hiyo baiskeli haiendi mstari ulionyooka hata siku moja. Huyumba daima, na mwendo ukipungua huyumba zaidi.

Sasa twende barabarani. Mtu amebeba gunia la mkaa, anapanda kilima polepole. Nyuma yake daladala inapiga honi: "Sogea pembeni!" Maskini anasogea hadi ukingo wa lami, upande wa kushoto. Hapo amenaswa. Maana ili baiskeli ikate kulia, usukani hauna budi kuguswa kwanza kuelekea kushoto, mzigo uinamie kulia, ndipo igeuke. Na kushoto kwake ni mtaro! Akijitoa, anatumbukia, asipojitoa, anatumbukia vilevile.

Ndugu dereva, umwonapo akiyumba usimwite mlevi. Anayumba ili asianguke. Mwachie mita moja na nusu, na kama nafasi haipo, subiri nyuma yake. Dakika moja utaifidia mbele ya safari. Baba wa watu hafidiwi.