Tuyafufue Maplau Yetu



Katika miaka hii kumi tumeona maplau mengi, toka Dongobesh hata Basotu, yakiliwa na kutu nyuma ya nyumba, na wenyewe wakingojea kuazima, wakapanda wamechelewa. Twawasihi myatazame upya. Boliti zilizoshikana zilowesheni mafuta ya taa mpaka zilegee. Bamba ligeuzalo udongo lisugueni kwa mchanga ling'ae, kwani udongo mweusi wa Hanang hunata penye kutu. Ncha iliyolika ipelekeni kwa mhunzi. Gurudumu litieni grisi. Kilimo kikiisha, pakeni oili chafu. Plau lililofufuliwa hulima shamba la mwenyewe mapema, kisha la jirani asiye na maksai. Na huo ndio ushirika tuuadhimishao leo.